Maisha ya Alan Turing ni funzo kwa wanaojenga kuta kati ya masomo

Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja wao akatakiwa kufuata mmojawapo wa mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mpango huo una manufaa yake, nami sikusudii kuubeza. Hata hivyo, tayari imezuka katika shule zetu, hapa Bahati na kwingineko, imani kwamba mkondo ni ua, na kwamba aliye ndani ya ua haruhusiwi hata kuchungulia nje. Utamsikia mwanafunzi wa kompyuta akisema kwamba biolojia haimhusu. Wa biolojia naye huikimbia hisabati kama aliyekutana na simba njiani, ilhali wa lugha huyakimbia yote mawili.

Dawa ya imani hii, kwa maoni yangu, ni kuyasoma maisha ya watu walioijenga elimu yenyewe. Leo nimemchagua Alan Mathison Turing, Mwingereza aliyefariki mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 41. Wengi humtaja kuwa baba wa tarakilishi na kuishia hapo. Ni wachache wanaojua kwamba miaka yake ya mwisho aliitumia akichunguza jinsi kiumbe hai anavyopata umbo na madoa yake.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko India, katika mkoa wa Madras. Kwa sababu hiyo, Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza wakilelewa na mume na mke wasiokuwa na nasaba nao. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi alipewa kitabu cha Edwin Tenney Brewster kuhusu maajabu ya maumbile, kilichoandikwa kwa ajili ya watoto. Humo alisoma kwamba mwili ni mtambo, tena mtambo unaojijenga wenyewe kutokana na chembe moja. Baadaye alimweleza mama yake kwamba kitabu hicho ndicho kilichomfumbua macho kuhusu sayansi.

Mama huyo, Sara, alimchora mwanawe mwaka 1923 akiwa katika uwanja wa mpira wa magongo. Katika mchoro huo, wenzake wanaufukuza mpira, naye ameinama pembeni akiyatazama maua madogo ya nyasini yaitwayo dezi. Mkulima wa pareto katika miinuko ya Nakuru analifahamu ua hilo ingawa huenda hajapata kuliona, kwa kuwa pareto na dezi ni wa ukoo mmoja. Kinachoonekana kwetu kuwa ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyojipanga kwa mizunguko. Swali la nani aliyevipanga lilimkaa kijana huyo moyoni kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1926 alijiunga na shule ya Sherborne. Siku ya kufungua shule iligongana na mgomo mkuu wa wafanyakazi uliosimamisha magari moshi nchini. Mvulana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli yake huko Southampton, akasafiri karibu kilomita 100 na kulala usiku mmoja njiani, ili asichelewe. Shule yenyewe haikumpokea kwa mikono miwili. Ilithamini Kilatini na fasihi ya kale, na mwalimu mkuu aliwaandikia wazazi wake kwamba iwapo mtoto huyo anakusudia kuwa mtaalamu wa sayansi na si kingine, basi anapoteza wakati wake pale. Kumbe hata shule zenye sifa kuu zaweza kujenga kuta kati ya masomo.

Aliyemwokoa ni rafiki yake, Christopher Morcom, mwanafunzi hodari aliyependa nyota na hisabati kama yeye. Urafiki huo ulimfunza Turing kuiandika kazi yake kwa unadhifu na kuvumilia masomo asiyoyapenda. Lakini Februari 1930 Morcom alifariki kutokana na kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa alioupata utotoni kwa kunywa maziwa yenye viini. Sisi tunaoishi katika nchi ya ng'ombe wa maziwa hatuna haja ya kuelezwa zaidi, maana ushauri wa kuyachemsha maziwa tumeusikia tangu shule ya msingi. Turing alijiuliza akili ya rafiki yake ilikwenda wapi baada ya mwili kufa, na ni kwa namna gani akili hufungamana na mwili. Swali hilo la huzuni ndilo lililokuja kuwa swali la kisayansi.

Mwaka 1931 aliingia chuo cha King's College, Cambridge, na kufikia mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa amekwisha kuteuliwa mwanazuoni wa chuo hicho. Wakati huo, Mjerumani David Hilbert alikuwa ameuliza iwapo kuna utaratibu wa hakika unaoweza kuamua, kwa kila kauli ya hisabati, kama kauli hiyo yathibitika au la. Turing alianza kwa kujiuliza jambo ambalo wenzake waliliona kuwa dogo mno: utaratibu ni kitu gani?

Ni lazima tukumbuke kwamba siku hizo neno la Kiingereza ambalo leo lataja tarakilishi lilimtaja binadamu, yaani karani aliyeajiriwa kufanya hesabu kwa kalamu na karatasi. Turing alimtazama karani huyo na kumvua kila kisicho cha lazima. Alimwachia utepe mrefu usiokoma uliogawanywa vyumba vyumba, jicho linaloona chumba kimoja kwa wakati mmoja, mkono unaoandika au kufuta alama, na orodha fupi ya kanuni. Kwa makala aliyoiandika mwaka 1936 alionyesha kwamba mtambo duni wa aina hii waweza kufanya kila hesabu inayoweza kufanywa kwa kufuata kanuni. Zaidi ya hayo, mtambo mmoja waweza kusomewa kanuni za mtambo mwingine wowote na kuifanya kazi yake. Kisha akathibitisha kwamba utaratibu alioutafuta Hilbert haupo. Mmarekani Alonzo Church alikuwa amefikia jibu hilo hilo kwa njia nyingine, naye ndiye aliyemsimamia Turing huko Princeton alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1938.

Hapa naomba ruhusa ya kutaja taaluma yangu. Walioliunda neno letu tarakilishi waliunganisha tarakimu na akili. Sidhani kama ipo lugha nyingi zilizoufupisha mchango wa Turing vizuri zaidi. Wavumbuzi waliomtangulia walitengeneza vyombo vya kujumlisha na kuzidisha tarakimu. Yeye alionyesha kwamba tarakimu zaweza kusimama badala ya herufi, kanuni na hatua za kufikiri, na hivyo kuzisogeza karibu na akili.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Turing aliripoti Bletchley Park tarehe 4 Septemba 1939, mahali Waingereza walipokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya adui. Wajerumani walitumia mashine iitwayo Enigma, ambayo katika jeshi lao iliweza kupangwa kwa namna takriban milioni milioni milioni 159. Haki yatutaka tuwataje Wapolandi Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, waliokuwa wameivunja Enigma miaka kadhaa kabla ya vita na kuwakabidhi Waingereza na Wafaransa elimu yao mwaka 1939. Turing alijenga juu ya msingi huo. Alibuni mtambo wa kuondoa kwa haraka mipangilio isiyowezekana, Gordon Welchman akauboresha, na wa kwanza ukaanza kazi Machi 1940. Kabla ya vita kumalizika, mitambo ya aina hiyo ilikuwa imezidi 200. Turing mwenyewe aliongoza idara ya kufumbua siri za manowari za Kijerumani zilizokuwa zikizamisha meli za chakula katika Atlantiki.

Kazi hiyo ilikuwa na tawi hapa kwetu. Mnamo Aprili 1942, baada ya Wajapani kuushambulia Colombo, wafumbuzi wa Kiingereza waliokuwa huko walihamishiwa Kilindini, Mombasa. Makao yao yalikuwa shule ya Allidina Visram inayoitazama Bahari ya Hindi. Humo madarasani walisikiliza mawasiliano ya Wajapani, na Novemba 1942 wakavunja msimbo wa meli zao za mizigo. Mwaka 1943 walirejea Colombo. Turing mwenyewe hakufika Mombasa. Hata hivyo, ni vyema wanafunzi wetu wajue kwamba historia ya tarakilishi na mafumbo ya siri ilipitia katika shule ya Kenya.

Bletchley palikuwa mahali pa kuvunja kuta. Wanahisabati waliketi meza moja na wanaisimu, wanahistoria na mabingwa wa mchezo wa sataranji. Miongoni mwao alikuwa Joan Clarke, mwanahisabati aliyekuwa pia amesoma elimu ya mimea, ambaye Turing alimposa mwaka 1941, ingawa uchumba huo haukufika kwenye ndoa. Baada ya zamu zao wawili hao walikaa nyasini wakihesabu mizunguko ya maua ya dezi. Walikuta zile tarakimu zilizoelezwa na Leonardo wa Pisa mwaka 1202, ambapo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34. Mwalimu anayesoma haya anaweza kuliokota tunda la msonobari katika msitu wa Bahati, au kununua nanasi sokoni, na kuwahesabisha wanafunzi mizunguko ya magamba yake kwa pande zote mbili. Aghalabu watapata 8 na 13.

Vita vilipokwisha Turing alijiunga na Maabara ya Taifa ya Fizikia mwaka 1945, akachora mpango kamili wa tarakilishi yenye kuhifadhi kanuni zake yenyewe. Urasimu uliichelewesha kazi hiyo. Alipunguza uchungu wake kwa kukimbia, na wakazi wa Bonde la Ufa watapenda kusikia kwamba mwaka 1947 alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Muda huo ulizidi ule wa mshindi wa Olimpiki ya mwaka 1948 kwa dakika 11 hivi. Mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester, ambako tarehe 21 Juni mwaka huo mtambo mdogo ulikuwa umeendesha, kwa mara ya kwanza duniani, programu iliyohifadhiwa ndani yake.

Mnamo mwaka 1950 alichapisha katika jarida la falsafa makala inayotuhusu mno walimu wa lugha. Aliuliza iwapo mashine yaweza kufikiri, akaona swali hilo lina ukungu, akalibadilisha kuwa mchezo. Muulizaji akae chumbani peke yake, aandikiane na wawili asiowaona, mmoja mtu na mwingine mashine, kisha ajaribu kubainisha ni yupi mtu. Alitabiri kwamba katika muda wa miaka 50 hivi mashine ingeweza kumhadaa muulizaji wa kawaida mara 3 katika kila 10, baada ya mazungumzo ya dakika 5. Tazama kipimo alichokichagua. Hakukichagua kikokotoo wala sataranji, bali mazungumzo, yaani lugha.

Tangu programu za mazungumzo zilipowafikia watu wengi mwishoni mwa mwaka 2022, mchezo huo umehamia katika shule zetu. Kila mwalimu anayesahihisha insha leo ameketi katika kiti cha muulizaji wa Turing, akijiuliza kama aliyeandika ni mwanafunzi wake au ni mashine. Kuna sehemu ya makala hiyo inayosahauliwa. Turing alipendekeza kwamba badala ya kuunda akili ya mtu mzima, afadhali kuunda akili ya mtoto na kuipeleka shule, ifundishwe, ituzwe na irudiwe. Kwa hivyo, katika fikra za mwasisi, elimu ndiyo chimbuko la akili, iwe ya mtu au ya mtambo. Mwanafunzi anayeiachia mashine insha yake yote ameipeleka mashine shuleni na yeye mwenyewe kubaki nyumbani.

Mwaka 1951 Turing aliteuliwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Huo ndio wakati ambapo wengi hustarehe katika taaluma iliyowapa jina. Yeye alirudi kwenye maua ya dezi. Makala yake ya mwaka 1952 ilishughulikia fumbo kongwe la biolojia: kiinitete huanza kama tufe la seli zinazofanana, basi inakuwaje sehemu hii iwe mkono na ile iwe mguu, hapa pawe doa na pale pasiwe na doa?

Jibu lake ni la kushangaza, nami nitalieleza kwa mfano wa kwetu. Chukua barabara itokayo Nakuru kuelekea Nyahururu, na ujalie kwamba hapo kale haikuwa na duka hata moja. Mtu mmoja anafungua kibanda. Wateja wanaosimama hapo wanamvutia muuzaji wa pili na wa tatu, na punde si punde pana kituo cha biashara. Lakini kituo hicho kinawanyonya wateja wa mbali, hivyo atakayefungua kibanda kilomita moja kutoka hapo atakufa njaa. Kituo kingine kitasimama tu pale mvuto wa kile cha kwanza unapokwisha. Hatimaye barabara nzima itakuwa na vituo vyenye nafasi zinazokaribiana, ingawa hakuna afisa wa mipango aliyevipima.

Ndivyo Turing alivyoonyesha kwa hisabati kuhusu kemikali mwilini. Kemikali moja hujichochea yenyewe na husambaa polepole. Ya pili huizuia ile ya kwanza na husambaa kwa kasi. Kutokana na mvutano huo, hali ya usawa huvunjika yenyewe na kuzaa madoa au milia. Kwa kawaida tungetarajia usambaaji ufute tofauti, kama sukari inavyoenea katika chai hadi kila funda liwe tamu sawa. Turing alithibitisha kwamba usambaaji waweza pia kuziumba tofauti. Mahesabu hayo aliyafanya kwa msaada wa tarakilishi ya Ferranti iliyofika Manchester mwaka 1951, naye akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuitumia tarakilishi kuuchunguza uhai.

Wanabiolojia hawakumsikiliza sana, hasa kwa kuwa mwaka 1953 umbo la DNA liligunduliwa na macho ya wote yakaelekea huko. Wazo lake lilingoja. Mwaka 1977 Jonathan Bard alilinganisha punda milia wa kawaida, kama wale wa mbuga ya Ziwa Nakuru, wenye milia 26 hivi kila upande, na punda milia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya, wenye milia 80 hivi. Alieleza kwamba milia ya wote yaweza kuwa ilianza na nafasi zilizo sawa, ila ya wa kwanza ilichorwa katika wiki ya tatu ya ujauzito na ya Grevy katika wiki ya tano, kiinitete kikiwa kimekua na kupata nafasi ya milia mingi zaidi. James Murray naye alionyesha kwa hisabati ni kwa nini duma mwenye madoa mwilini huwa na pete mkiani: mkia ni mwembamba mno, na doa likikosa nafasi hugeuka pete. Mwaka 1990 wanakemia wa Bordeaux waliyapata maumbo ya Turing katika maabara, na mwaka 1995 Wajapani Kondo na Asai wakaonyesha jinsi milia ya samaki wa baharini inavyosogea na kugawanyika kadiri samaki anavyokua, kama hisabati hiyo ilivyotabiri. Mjadala kuhusu kemikali zenyewe ni zipi katika kila mnyama bado unaendelea, na huo ni uwanja ulio wazi kwa vijana wetu.

Turing hakuishi kuyaona hayo. Mapema mwaka 1952 aliripoti wizi nyumbani kwake, na katika uchunguzi polisi wakagundua uhusiano wake wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1885. Alitiwa hatiani Machi 1952, akatakiwa kuchagua kati ya kifungo na kutumia homoni kwa mwaka mmoja. Alichagua homoni. Akanyimwa pia idhini ya kushiriki kazi za siri za serikali. Kwa kuwa habari za Bletchley hazikufichuliwa hadi miaka ya 1970, hakimu na majirani hawakujua alilolitendea taifa. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sianidi. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua. Mama yake aliamini hadi mwisho kwamba ilikuwa ajali. Kazi yake kuhusu mizunguko ya maua ilibaki mezani bila kukamilika, na ilichapishwa mwaka 1992. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013, na mwaka 2021 sura yake ikawekwa katika noti ya pauni 50. Hayo yote hayakumfaa yeye. Labda yatawafaa walio hai, kwa kuwakumbusha gharama ya taifa kumvunja mtu ambaye halijaijua thamani yake.

Msomaji asinielewe visivyo. Sisemi kwamba kila mwanafunzi asome kila kitu, maana mshika mawili moja humponyoka. Turing aliimudu hisabati kwanza, akaimudu hasa, ndipo akaibeba kwenda nayo kwenye mashine, lugha na mimea. Mkondo ni wa kumpa mtu nguvu ya kusafiri. Linalonisikitisha ni kumfundisha mtoto kwamba mwisho wa mkondo wake ndio mwisho wa dunia.

Kuna mambo yanayoweza kufanywa bila ya kungoja waraka wa wizara. Mwalimu wa hisabati na yule wa biolojia, ambao pengine hukutana tu wakati wa chai, wanaweza kuandaa kipindi kimoja cha pamoja kila muhula kuhusu ua la pareto au ngozi ya mnyama. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwataka wanafunzi waandike kanuni za upatanisho wa ngeli kwa ukamilifu kiasi cha mashine kuzifuata. Watajifunza sarufi na programu kwa pamoja. Maktaba za shule zinaweza kuacha kuvifungia vitabu vya sayansi katika kabati la wale wa sayansi. Nao wazazi wanaomwona mtoto ameinama pembeni mwa uwanja akitazama majani, wasiwe wepesi wa kumfokea kwamba anapoteza wakati. Wamuulize kwanza anatazama nini.